Mwenye Kutubu Aende Mji Gani?

Sikieni, enyi watu wa mtaa, mnaosali Ijumaa na mnaosali Jumapili. Sikieni nanyi mnaokaa barazani jioni, kahawa mkononi, mkimhukumu kila apitaye. Nina neno juu yenu, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mmejipa kazi ambayo hamkutumwa na Mungu wala na serikali: kazi ya kuamua nani anaweza kubadilika na nani hawezi. Mtu akirudi kutoka jela, mnamsomea makosa yake kabla hajautua mfuko wake. Akiacha unga, mnawekeana dau ataurudia mwezi gani. Akiwasalimia, mnaitikia huku mkono umeshika simu mfukoni. Mkiulizwa sababu, jibu liko mdomoni: mtu habadiliki. La kuvunda halina ubani. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwana wa nyoka ni nyoka.

Lakini akamatwe mwanenu na misokoto ya bangi, maneno yanageuka. Hapo kuteleza si kuanguka. Hapo ni utoto, ni marafiki wabaya, ni jicho la watu. Hapo baba anakwenda kituoni saa saba za usiku kumwekea dhamana, na mama anazunguka kwa mashehe na wachungaji akiomba dua. Vyema. Mzazi asipomwombea mwanawe, nani amwombee? Ila msituambie tena kwamba hamwamini mtu kubadilika. Mnaamini sana. Imani hiyo mmeifungia ndani ya nyumba zenu, na mtoto wa jirani mkamwachia methali za kaburini.

Nalijibu swali lenu waziwazi. Je, mtu mwovu anaweza kuwa mwema? Anaweza. Si wote, si kwa siku moja, wala si kwa bei ndogo. Lakini anaweza, na dini mnazojivunia zimesimama juu ya mabega ya watu wa namna hiyo. Waislamu mnamtaja Umar bin Khattab kwa fahari, na mnajua siku ile alitoka nyumbani na upanga kwenda kumwua nani. Wakristo mmeziita shule na hospitali zenu kwa jina la Paulo, na mnajua waliompiga Stefano mawe waliweka nguo zao miguuni pa nani. Watoeni waovu waliogeuka katika historia ya imani zenu, kisha mniambie mmebaki na nini cha kuhubiri.

Kiko kisa ambacho kila aliyekaa darasa la msikitini amekisikia, na kimo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja aliua watu 99. Ikafika siku akataka kurudi kwa Mola wake, akauliza aende kwa nani, akaelekezwa kwa mtawa. Akamweleza yote, akauliza kama ana toba. Mtawa akasema hana. Yule mtu akamwua na mtawa, wakatimia 100. Akauliza tena, akaelekezwa kwa mwanachuoni. Huyu alimjibu kwamba hakuna wa kumzuia asitubu, ila asirudi kwao, kwa kuwa kwao ni mahali pa uovu. Aende mji fulani wenye watu wanaomwabudu Mungu, akaabudu pamoja nao. Akashika njia. Mauti yakamkuta safarini, malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombania, ukapimwa umbali wa alikotoka na wa alikokuwa akienda. Akaonekana yuko karibu zaidi na ule mji wa wema, akachukuliwa na malaika wa rehema.

Mmekisikia mara nyingi, mkafuta machozi, mkarudi nyumbani vilevile. Mmeshika rehema ya Mungu, mkayaacha mambo mawili yanayowahusu ninyi. La kwanza ni yule aliyekufa wa mia. Mkono uliomwua ulikuwa wa muuaji, na muuaji ana dhambi yake. Lakini neno lililomkatisha tamaa lilitoka katika kinywa cha mtu wa ibada, mtu aliyedhani anailinda heshima ya Mungu. Mtu alikuja akitafuta mlango, akaambiwa mlango haupo, naye akarudia lile alilolizoea. La pili ni ule mji. Mwanachuoni hakumwambia atubu kisha arudi kijiweni akapambane na nafsi yake peke yake. Alimtuma kwa watu. Alijua kwamba toba isiyopokelewa na watu haimalizi wiki.

Sasa nawauliza, nanyi mnijibu. Akitokea leo mtu kama yule, aelekezwe mji gani? Tuanze Tanga mpaka Mtwara, tuvuke mpaka Likoni na Kisauni, tupande bara mpaka Mwanza: uko wapi mtaa utakaomfungulia? Huu wenu ni ule mji, au ni yule mtawa?

Ninyi Wakristo msijifiche nyuma ya kisa cha Waislamu. Paulo alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa. Hawakusadiki kwamba naye ni mwanafunzi, na sababu walikuwa nayo: alikuwa amewaburuta ndugu zao gerezani. Angeishia nje kama si Barnaba kumchukua, kumpeleka kwa mitume, na kuwaeleza yaliyompata njiani na aliyoyatenda Damasko. Barnaba alimdhamini kwa jina lake mwenyewe. Lau Paulo angewasaliti, aibu ingekuwa ya Barnaba. Makanisa yenu yamejaa watu wanaotaka kuhubiri kama Paulo. Akina Barnaba wako wapi?

Mnachokitaka kwa aliyeokoka ni ushuhuda. Apande jukwaani kwenye mkutano wa injili, aeleze alivyokaba watu, alivyovunja maduka, alivyolala na bastola chini ya mto. Mnapiga vigelegele. Mnarekodi. Akishuka jukwaani hana nauli ya kurudi alikolala. Akija ofisini Jumanne kuomba hata kibarua cha kufagia uwanja wa kanisa, anaambiwa asubiri, atapigiwa simu. Mmekula ushuhuda wa mtu mkamwacha na njaa yake, na hiyo mnaiita huduma.

Mnadhani kubadilika ni maneno. Nendeni asubuhi kwenye kliniki ya methadone, dawa ya kuwasaidia wanaoacha unga, pale Muhimbili, iliyofunguliwa Februari 2011, au zile za Mwananyamala na Temeke zilizofuata. Mtakuta watu ambao mtaani mnawaita mateja wakingoja zamu zao. Mtu anafika dirishani, anajitambulisha, anapewa dawa yake kwenye kikombe kidogo, anainywa palepale mbele ya mhudumu, na mhudumu anahakikisha imepita kooni. Kwa kawaida hapewi ya kwenda nayo nyumbani. Kesho arudi. Jumapili arudi, Iddi arudi, Krismasi arudi, masika yakimwagika arudi, mwezi baada ya mwezi, hata miaka. Asiporudi, mwili unamdai: viungo vinauma, tumbo linakatika, jasho linamtoka kwenye baridi, usingizi hauji. Wenyewe wanaiita arosto. Wapo wanaotoka mbali, na hiyo nauli ya daladala ya kila siku hamna anayewauliza wanaipata wapi.

Nani kati yenu ameiacha dhambi yake moja kwa bidii ya namna hiyo? Wewe unayeziba pua akikaa karibu nawe kwenye daladala, Ramadhani nzima imepita hukuacha kusengenya, Kwaresima nzima imepita hukuacha nyumba ndogo. Yeye ameamka alfajiri, leo kama jana, kwenda kushindana na mwili wake mwenyewe. Halafu wewe ndiye unayemhesabia siku za kuanguka! Na akianguka kweli, mnashangilia utabiri wenu, wakati kila aliyewahi kumhudumia mraibu anajua kwamba kurudia na kuacha tena ni sehemu ya njia ya kupona. Huko Unguja, nyumba za upataji nafuu zilianza mwaka 2009 kwa juhudi za watu waliokuwa watumiaji wa dawa za kulevya wao wenyewe. Waliopona ndio waliowafungulia wanaotaka kupona. Ule mji mliokataa kuujenga ninyi wenye majina safi, mateja wamejijengea.

Upo na unafiki mwingine. Mnanunua makochi na vitanda vilivyotengenezwa na wafungwa wa Ukonga, mnavisifu: mbao ngumu, kazi imara. Mnavaa viatu vya ngozi vya kiwanda cha gereza la Karanga, Moshi. Kule Kenya, vibao vya namba vya magari hutengenezwa na wafungwa wa Kamiti, na kila tajiri wa Nairobi anaendesha akiwa na kazi ya mfungwa mbele na nyuma ya gari lake. Mikono ileile ikitoka nje na ujuzi uleule, ikabisha hodi kwenye karakana yenu, jibu ni kwamba nafasi hakuna. Mtu akiwa nyuma ya ukuta, kazi yake ni safi. Akiwa huru, mikono yake ni michafu. Hii ni haki ya namna gani?

Hata dola, ambayo mnailalamikia kwamba haina huruma, imewatangulia. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania na ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya zinampa Rais mamlaka ya kuwasamehe waliohukumiwa. Tanzania ina Sheria ya Bodi za Parole tangu 1994 na Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi ya kifungo chake. Yaani wenye bunduki na kufuli wameweka utaratibu wa kukubali kwamba mtu anaweza kurekebika, na ninyi wenye misahafu na Biblia hamna utaratibu wowote.

Acheni niwaonyeshe mnavyofanya, hatua kwa hatua, asiwepo wa kusema hakujua. Namjua kijana mmoja, jina lake nitalihifadhi. Alifungwa kwa wizi wa kuvunja nyumba, akatumikia miaka yake, akatoka na mfuko wa salfeti begani na ufundi wa useremala kichwani. Nyumbani, chumba chake kilishachukuliwa. Akaambiwa alale sebuleni kwa muda, na huo muda ukaisha wiki ya pili. Akaenda kwa mjumbe kutafuta barua ya utambulisho. Mjumbe akasema njoo kesho, na kesho ikawa na kesho yake. Akapata karakana, akapiga randa siku tatu, mteja mmoja akamnong'oneza fundi mkuu kwamba huyu si yule? Fundi akamlipa siku zake, akamwomba radhi, akamwambia wateja ndio wateja. Akatafuta pikipiki ya hesabu, mwenye pikipiki akataka wadhamini wawili. Mjomba wake alikubali kuwa wa kwanza. Siku ya kwenda kusaini, mjomba alizima simu.

Kisha ukatokea msiba. Kijana yule alikuwa wa kwanza kushika jembe makaburini na wa mwisho kuliachia. Jioni, watu wamekaa mkekani, mama mmoja akasema haioni simu yake. Hakuna aliyetaja jina, lakini macho yote yalikwenda upande mmoja. Wakamsimamisha mbele ya wafiwa, wakampekua mifuko, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye kucha zake. Simu ikaonekana kwenye pochi ya mama mwenyewe, chini ya kanga. Watu wakacheka, wakaendelea na chai. Hakuna aliyemwambia samahani. Hakuna hata mmoja, na mashehe walikuwepo, na wazee wa mtaa walikuwepo.

Usiku ule wenzake wa zamani walimfuata. Walimletea chakula, wakampa mahali pa kulala. Hawakudai barua ya mjumbe. Hawakudai wadhamini wawili. Miezi michache baadaye alikamatwa tena, na barazani kwenu kukawa na shangwe ya wenye hekima: si tulisema?

Ndiyo, mlisema. Mlisema, kisha mkahakikisha.

Simwondolei lawama. Miguu iliyomrudisha kwenye wizi ni yake, na atajibu kwa alichokifanya. Lakini nanyi mtajibu kwa mlichokifanya. Mlimkuta mtu njiani, akielekea upande wa wema, mkamgeuza.

Wapo msiowapa hata hiyo nafasi ya kurudi. Akisikika mtu amepiga kelele za mwizi sokoni, mnatupa mizigo mnakimbilia, na wengi wenu hamkuona kilichoibwa wala aliyeibiwa. Kesho gazeti linaandika kwamba kijana ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hasira gani hiyo inayokumbuka kwenda kituo cha mafuta na chupa ya petroli? Hasira gani inayotembea mpaka kwa fundi kuomba tairi bovu? Hakuna sheria inayosema aliyechomoa simu afe, na hata angekuwa na kosa kubwa zaidi, hukumu si yenu. Mmemchoma kijana wa miaka 19, na pamoja naye mmemchoma mzee wa miaka 60 ambaye angeweza kuwa: pengine fundi, pengine baba wa watu, pengine yule ambaye angewaonya vijana kwa yaliyomfika. Hamtamjua kamwe. Kisha mmerudi sokoni mkapima nyanya kwa mikono hiyohiyo.

Na bado mna wezi mnaowapenda. Aliyekula fedha za zahanati mpaka wanawake wakajifungua kwa mwanga wa simu, huyo mnampigia makofi. Harusi yenu mnamfanya mgeni rasmi. Msikiti ukiezekwa, jina lake linasomwa kwanza. Kanisani anakaa kiti cha mbele. Yeye hakuomba radhi, hakurudisha senti, hakujuta hata siku moja, na mmemsamehe kwa sababu ana fedha. Mwizi wa kuku ametubu na kulia, na mmemkataa kwa sababu hana kitu. Kumbe hamchukii uovu. Mnachukia umaskini wa mwovu. Ole wenu kwa mizani hiyo, kwa maana Mungu ameiona, na watoto wenu wameiona pia, nao wanajifunza kutoka kwenu kwamba kosa si kuiba bali kuiba kidogo.

Najua mtakalosema. Mtasema, wewe hukuvunjiwa nyumba, wewe hukukatwa panga, wewe hukubakiwa binti. Neno hilo ni zito na sitalipita. Aliyeumizwa ana haki zake, na asiwepo wa kumsukuma asamehe kwa ratiba ya watu wengine. Wahshi alimwua Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki katika vita vya Uhud. Baada ya miaka alikuja akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Lakini Mtume alimwomba, akiweza, asimwonyeshe uso wake. Tazameni mambo hayo mawili pamoja. Mlango wa toba haukufungwa, na mwenye kufiwa hakulazimishwa kukaa meza moja na aliyemfisha ndugu yake. Wahshi alikubali kukaa mbali na uso ule, akaendelea na njia yake, na baadaye katika vita vya Yamama aliutumia mkuki uleule dhidi ya Musailama aliyejidai utume.

Kwa hiyo msije mkayageuza maneno yangu kuwa pazia. Wazee mnaokaa vikao vya usiku kumlinda mbakaji, mkisema tuyamalize nyumbani, mkimlipa baba wa mtoto fedha na mbuzi, ninyi hamna uhusiano wowote na rehema ninayoisema. Hiyo si toba, ni kuficha. Kosa la jinai liende mahakamani, na aliyehukumiwa atumikie hukumu yake. Wala sisemi aliyewahi kudhuru watoto apewe kazi ya kulea watoto, au aliyekuwa mwizi akabidhiwe funguo za duka wiki ya kwanza. Kumpokea mtu si kufumba macho. Ni kumpa hatua moja anayoiweza, kumwangalia akiipiga, na kumpa ya pili.

Na wewe uliyetenda maovu, usidhani leo nimekuja kukutetea tu. Nina neno nawe. Wanavyuoni wamekufundisha kwamba toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na ukiwa umekula haki ya mtu, kumrudishia. Hilo la mwisho ndilo mnalolikimbia wengi. Mnataka mtaa usahau, na ninyi hamjakumbuka mliyemwibia. Usiseme umebadilika kabla hujamtafuta. Kama kitu hakipo tena, lipa kwa jasho. Kama fedha huna, sema kweli yako mbele ya watu.

Mtazame Adriaan Vlok, aliyekuwa waziri wa sheria na utulivu wa Afrika Kusini katika miaka ya mwisho ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1989 nguo za Mchungaji Frank Chikane, mpinzani wa utawala ule, zilitiwa sumu, naye akaponea chupuchupu. Mwaka 2006 Vlok alimfuata Chikane ofisini kwake, akapiga magoti, akamwosha miguu. Wapo waliosema onyesho tu, na wapo waliosema hakutoboa yote aliyoyajua; hawakukosa sababu. Lakini mwaka uliofuata alisimama mahakamani akakiri kosa la kujaribu kumwua Chikane, akahukumiwa kifungo cha nje. Miaka yake ya uzee aliitumia kuwapelekea chakula maskini weusi wa vitongoji, mpaka alipofariki mwaka 2023. Beseni la maji peke yake lisingetosha. Kilichofuata baada ya beseni ndicho kinachopimwa.

Na majirani zetu wa Rwanda wametembea njia ambayo sisi hatujakanyaga hata mwanzo wake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watu walikaa kwenye nyasi katika mahakama za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012 zikiwa zimesikiliza kesi zaidi ya milioni moja. Aliyekiri, akaomba radhi, akaonyesha walipotupwa marehemu, aliweza kupunguziwa adhabu, na sehemu ya kifungo akaitumikia kwa kujenga nyumba, kutengeneza barabara na kuchimba matuta milimani. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na wapo manusura ambao mioyo yao haijapoa mpaka leo; nani awalaumu? Hata hivyo kuna vijiji ambako aliyeua na aliyenusurika wanachota maji bomba moja. Wao wamebeba hilo. Ninyi mnashindwa kumbeba kijana aliyeiba redio mwaka juzi.

Basi sikieni mnachotakiwa kufanya, maana karipio lisilo na agizo ni kelele. Wewe mwenye pikipiki tatu za hesabu, moja mkabidhi aliyetoka jela, kwa mkataba ulioandikwa na mashahidi. Wewe mjumbe na wewe mwenyekiti wa mtaa, andikeni barua ya mtu siku anayoiomba. Kuishi hapa hakuhitaji cheti cha utakatifu. Wewe fundi mkuu, mteja akikunong'oneza, mjibu kwa sauti kwamba unamjua na wewe ndiye uliyemwajiri. Wewe shehe na wewe mchungaji, kila ushuhuda mmoja mnaousikiliza uambatane na kazi moja mliyoitafuta, na muwe tayari kudhamini kwa majina yenu kama Barnaba. Wewe mzazi, chumba cha mwanao usikigawe. Wewe mama kwenye mkeka wa msiba, tafuta kwanza pochini mwako. Na mkimpekua mtu bure, msimamisheni tena mbele ya watu walewale mkamwombe radhi. Na wewe uliyeshika tairi mkononi, litue, ukamwite polisi.

Yafanyeni haya wiki hii, msingoje mwezi wa toba. Wapo walioachiwa asubuhi ya leo na bado hawajajua watalala wapi. Na asiyeweza hata moja kati ya hayo, asiye na pikipiki wala karakana wala barua wala shilingi ya kumpa mtu, amebakiwa na amri moja iliyo rahisi kuliko zote: afunge mdomo wake, asiwakusanye watu barazani kuwatabiria maanguko ya mtu anayejaribu kusimama.